Jaketi okozi la mbwa: uzoefu wangu ufukweni na kwenye kituo cha kulaza mbwa

Jaketi ninalolizungumzia ni la sponji isiyonyonya maji, lina kishikio mgongoni, mikanda miwili tumboni na kipande cha kubeba kidevu. Analivaa German Shepherd wangu wa kilo 32 huku Kigamboni, ufukweni na kwenye boti, na nikisafiri mbwa huenda nalo kwenye kituo anakotunzwa mpaka nirudi, maana wana bwawa. Nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki imeliwa na velkro (ukanda wa kunatana) ya shingoni.

Ukinunua, usifuate kilo zilizoandikwa kwenye lebo. Fuata kifua. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe nyuma kidogo ya miguu ya mbele, pale kifua kilipo kipana zaidi, halafu pima na mgongo kuanzia mwanzo wa shingo hadi mwanzo wa mkia. German Shepherd na Labrador wenye kilo sawa hawavai sawa, kwa sababu mmoja ana kifua kirefu kwenda chini na mwingine ni mnene pande zote. Ukishamfunga, vidole viwili vipite chini ya kila mkanda bila kusukuma. Kisha mjaribu nchi kavu: mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye kishikio, mwinue mpaka miguu ya mbele iache ardhi. Jaketi likimpandia masikioni, mikanda imelegea au saizi ni kubwa. Hapo pia ndipo utajua thamani ya kitambaa kipana cha chini ya kifua. Jaketi za bei ya chini huweka mikanda myembamba mitupu, na ukimvuta mbwa mzito kumpandisha botini mikanda ile inamkata tumbo. Hili langu lina kitambaa kipana, uzito unatawanyika, na mbwa hapigi kelele akiinuliwa.

Majini linamweka mgongo sambamba na maji. Mbwa aliyechoka hushuka kiuno, akawa kama amesimama, miguu ya mbele ikipiga maji juu bila kusonga mbele. Ukiona hivyo mtoe papo hapo, hata akiwa na jaketi. Kipande cha kidevu ni cha lazima kwa mbwa wa pua fupi kama Bulldog na Pug, na kwa wazee. Lakini jaketi halishindani na mkondo. Siku za bamvua, yaani za kujaa na kupwa kukubwa, maji yakipwa yanatoka kwa nguvu kupitia mapengo ya miamba, na mbwa anayeelea vizuri atakwenda nayo vizuri vilevile. Ufukweni mimi hutumia kamba ya polipropilini ya mita 10 kwenye pete ya mgongoni, kwa sababu inaelea. Ya nailoni huzama na kumviringa miguuni. Kwenye boti kamba naifungua, nisimfunge kwenye chombo kinachoweza kupinduka.

Sasa velkro. Mchanga ukiingia kwenye vile vijimeno haishiki tena, na sehemu ya shingo inafunguka wimbi la kwanza likimpiga. Isugue kwa mswaki mkavu kabla ya kila matumizi. Jaketi lenyewe lisuuze kwa maji baridi, ubofye vifungo vya plastiki ndani ya ndoo ili chumvi itoke, kisha ulitundike kivulini. Usilikamue, usilianike juani: jua linaozesha nyuzi za mishono. Sponji ukiibonyeza ikabaki na shimo, uwezo wake wa kuelea umepungua. Nunua jingine.

Kituoni ndipo jaketi zuri linapogeuka hatari. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na sponji ikimfunika kifua na mgongo joto halina pa kutokea. Likibaki na unyevu linamsugua kwapani mpaka ngozi inachunika. Akiachwa nalo peke yake kwenye chumba atatafuna mikanda, anaweza kumeza sponji, au mguu ukanasa. Kwa hiyo kwenye mfuko wake nimeandika kwa herufi kubwa: LIVALIWE MAJINI TU. Mhudumu namwonyesha kwa mikono, simwambii tu. Mbwa akitoka bwawani asuuzwe kwa maji safi, masikio yakaushwe kwa pamba, bila kijiti.

Kabla ya kulipa kituo chochote chenye bwawa, omba uone uzio na mlango unaojifunga. Uliza pia kama mbwa wanafundishwa kutoka. Wengi wanaozama bwawani wanaogelea vizuri kabisa. Wanakwaruza ukuta pale walipoingilia hadi wanaishiwa nguvu, kwa kuwa hawajui ngazi iko wapi. Afundishwe kuanzia pande zote nne za bwawa, na kitu kinachoonekana kwa mbali kiwekwe penye ngazi.

Maji ya kunywa ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo huyu wangu anahitaji karibu lita 2, na joto likizidi aongezwe. Mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, akaanza kutapika na kuharisha. Akipepesuka au kushikwa na degedege, ni daktari moja kwa moja. Chakula pelekeni kilekile cha nyumbani, kitanda kiinuke juu ya saruji, na chanjo ya leptospirosisi isisahauliwe, maana ugonjwa huo husambaa kwa mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama.

Jambo la mwisho ninaloacha kwa maandishi pamoja na namba ya daktari na ruhusa ya kumtibu bila kunisubiri: mbwa akizama hata kidogo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, ingawa amejikung'uta na anakula. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Kikohozi, fizi za buluu, au pumzi zaidi ya 30 kwa dakika akiwa amelala, hakuna kungoja asubuhi.