Mazoezi ya wazee Chake Chake: uzoefu wangu

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli, nina presha na magoti ya kusumbua. Kikundi cha mazoezi cha wazee mtaani kwetu nakisifu kwa moyo wote.

Vikundi vya mazoezi Zanzibar ni vingi, na kila Januari 1 hukutana kwenye siku ya mazoezi ya kitaifa. Lakini vingi ni mchakamchaka wa vijana barabarani. Mtu wa miaka sitini na kitu ukimkimbiza nao, wiki ya pili humuoni tena.

Chetu ni chengine. Baada ya sala ya Alfajiri tunatembea, mwendo wa kuhema kidogo huku bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Kisha vinatolewa viti, na hapo ndipo penye kazi: kukaa na kuinuka bila ya kushika kitu, kusimama kwa mguu mmoja mkono ukiwa karibu na kiti, kujiinua kwa ncha za vidole vya miguu. Wazee wengi wanavunjika nyonga kwa kuteleza chooni au kwenye ngazi za baraza, na miguu yenye nguvu ndiyo kinga. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hii siku 3 au zaidi kwa wiki, mbali na dakika 150 za kutembea kwa wiki. Sasa nainuka kwenye mswala bila ya kushika ukuta. Hilo kwangu ni kubwa kuliko kupungua kilo.

Wanawake tuna sehemu yetu nyuma ya ukuta, tunajinyoosha kwa uhuru. Pasingekuwa na stara hiyo, wengi wetu tusingetoka nyumbani. Presha tunapimwa na muuguzi mstaafu. Ambaye imempanda sana hafanyi siku hiyo, anaambiwa aende hospitali. Mchango ni mdogo na asiye nacho haulizwi, maana wapo ambao pensheni jamii, ile ya serikali kwa wazee, bado hawapati, hiyo ni mpaka ufike miaka 70.

Kasoro ni masika. Hatuna paa, mvua ikishika mazoezi yanasimama na magoti yanakaza upya. Uongozi utafute ukumbi, hili nimeshalisema kikaoni na nitalisema tena. Wanaume nao ni wachache mno.

Ukitaka kuanza, mwambie mwalimu wa mazoezi maradhi yako mapema, na mwenye magoti mabaya aombe kiti cha juu. Vaa raba, usije na kandambili.