Kompyuta ya zamani Commodore 64 kwenye TV bapa: kiboksi cha bei poa au RetroTINK-2X?

Kiboksi cha kugeuza AV (picha ya nyaya za kizamani) kuwa HDMI (tundu la TV za kisasa) ni rahisi na hakisumbui kukipata. Tatizo, Commodore 64 ya mwaka 1982 hutoa picha nzima kila mara, nacho kiboksi mara nyingi hudhani zinazofuatana ni nusu mbili za picha moja, kikaziunganisha: kingo za herufi zinakuwa meno ya msumeno, na ukibonyeza kuruka, mhusika kwenye skrini anachelewa.

RetroTINK-2X, kigeuzi cha mashine za magemu ya zamani, hurudufu mistari ya picha tu, haicheleweshi, tena hupokea S-Video, yaani mwanga na rangi kwenye nyaya tofauti. Lakini bei yake inauma, na baadhi ya TV hukataa 50 Hz (picha 50 kwa sekunde) za mashine za Ulaya.

Matunzo? Vyote umeme wa USB, basi.

Unaandika programu kwa lugha ya BASIC mara mojamoja? Kiboksi kinatosha. Wa magemu, jikaze ununue RetroTINK-2X.