Miwani ya kulengea bastola, Majengo Dodoma: lenzi safi, fremu hovyo

Ukikaribia miaka hamsini, kilengeo cha mbele cha bastola, kile kinundu cha kwenye ncha ya mtutu, kinaanza kuota manyoya. Wenye macho machanga hawanielewi. Shabaha ya mita 25 naiona vizuri, ila pale mbele ya mkono pana ukungu, na duara la kumi, lile la katikati lenye pointi kumi, lina upana wa sentimita 5 tu. Shabaha ikififia kidogo haina neno. Kilengeo ndicho lazima kionekane kingo zake zote.

Mashindano ya kulenga shabaha yanakaribia, nikaenda duka la miwani mtaa wa nyuma ya soko la Majengo. Kijana wa pale akaniamkia, akauliza, "Mama, unataka ya kusomea au ya mbali?" Nikamwambia ya umbali wa mkono. Akacheka. Nikatoa rula.

Bastola huingii nayo dukani, kwa hiyo nilikuwa nimebandika kipande cha karatasi nyeusi kwenye ncha ya rula badala ya kilengeo. Hapo ndipo duka hili linapostahili sifa. Kwingine wangenipa ya kusomea na risiti. Huyu alichukua tepu, akapima kutoka jichoni mpaka kwenye ile karatasi, sentimita 80 na ushee, akanivalisha fremu ya majaribio, tukatoka mlangoni. Nikasimama ubavu, mkono mmoja nimeunyoosha kuelekea nguzo ya umeme ya ng'ambo, bodaboda wote macho kwangu (mmoja akauliza kama napima barabara). Kijana anachomeka lenzi, anachomoa. Juu ya namba yangu ya mbali (nguvu ya lenzi) akaongeza 0.50, halafu 0.75, akarudi. Kwa 0.75 karatasi ilikaa safi kabisa lakini nguzo ikayeyuka, kwa 0.50 karatasi ni safi na nguzo bado ipo. Tukachukua 0.50. Kisha, bila kuambiwa, akaweka nukta ya wino pale jicho linapopitia nikisimama hivyo, maana si katikati ya lenzi, ni upande wa sikio kidogo.

Lenzi ni za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi. Nililishikilia hilo kwa sababu renji, uwanjani tunakolengea, maganda ya risasi za jirani yanaruka ovyo, na kioo cha kawaida sikitaki karibu na jicho. Ziliagizwa Dar. Waliahidi Jumatatu, zikaja Ijumaa, na aliyepiga simu kuulizia ni mimi.

Raundi za haraka ndipo nilipoona thamani ya pesa. Shabaha inakuonyesha uso sekunde 3, inageuka sekunde 7. Zamani sekunde zangu ziliishia kukitafuta kilengeo. Sasa mkono ukipanda nakikuta pale pale. Jicho la kushoto silifumbi, linachosha uso wote. Nimebandika ukanda wa plasta mbele yake, milimita 30, hicho ndicho kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa mashindanoni.

Fremu sasa. Ni nyembamba, jasho kidogo tu inateleza mpaka ncha ya pua, na upepo wa Dodoma wa Julai unaingiza vumbi kila upande. Nimeifunga kamba kisogoni. Kwa shilingi 180,000 nilitegemea zaidi.

Msiendeshe wala kupanda bodaboda nayo, mbali panafifia. Na nendeni na fremu yenu, wanapokea. Waulizeni kwanza kama itashika polikaboneti.