Fabsil kwenye turubai la zamani la Landrova: nimeikubali, ila kufua ndo nusu ya kazi

Wakuu wenye Landrova za turubai, njooni hapa. Nimepaka Fabsil ya Grangers, dawa ya kufanya kitambaa kikatae maji, ile ya kopo ya kupaka kwa brashi, kwenye Landrova yangu ya Series III ambayo bado ina turubai lake la pamba lilelile la zamani, na kwa kweli nimeikubali sana. Masika imepiga, maji yanajikusanya matone matone juu yanateleza pembeni, ndani kukavu kabisa.

Pamba ikilowa nyuzi zinavimba zinabanana, ndo maana turubai zito hata bila dawa linazuia mvua kiasi, shida inaanza likishiba maji, linakuwa zito, linachelewa kukauka, kuvu inaingia, na ukiegemea tu kwa ndani maji yanapenya palepale ulipogusa. Silikoni ya hii dawa inaganda kwenye uzi wenyewe na kukataa maji, matundu haizibi, kwa hiyo turubai linaendelea kupumua. PVC, yaani lile turubai la plastiki, haipumui, ukilala ndani asubuhi unaamka inadondosha jasho. Tamasha la Landrova Arusha, Oktoba 2024, niliona gari nzuri mno zimevalishwa PVC ya kung'aa, roho iliniuma, maana turubai la asili likishatupwa hulipati tena.

Sasa kufua. Liweke chini, piga brashi kavu vumbi litoke, halafu maji baridi na brashi laini, basi. Sabuni ya unga achana nayo, mabaki yake yanavuta maji na dawa haishiki vizuri. Jiki usiguse hata ukiona madoa meusi ya kuvu, itakula pamba pamoja na mishono, na ile mashine ya presha ya kuoshea magari inapasua nyuzi zilizochoka. Kisha lianike likauke kabisaa mpaka kwenye mapindo na chini ya mikanda, maana Fabsil inataka kitambaa kikavu.

Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana uone kama rangi inatoka. Madirisha ya plastiki yafunike kwa magazeti na masking tepu. Paka nje sare sare, mishono irudie mara ya pili, hapo ndo maji yanapopenda kupita. Harufu yake ni kali na inashika moto, kwa hiyo fanyia uwanjani, sigara na jiko la mkaa viwe mbali.

Bei imechangamka kwa sababu niliagiza Uingereza, lakini bado naiona afadhali kuliko ule mchanganyiko wa mishumaa na mafuta ya taa, jua likiwaka unanata, unakamata vumbi lote la barabarani na turubai linakuwa la kuwaka moto.

Isichofanya ni kufufua kitambaa kilichooza. Vuta kidogo sehemu inayopigwa jua zaidi, ikiachia, weka kiraka cha pamba kwanza ndo upake. Mara nyingi uzi wa mishono unaoza kabla ya turubai lenyewe, mwambie fundi apitishe sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani na atumie uzi wa poliesta uliovikwa pamba, ile pamba ya nje inavimba ikilowa inaziba tundu la sindano. Uzi wa nailoni mtupu mkatalie hata akikubembeleza.