Arabuko-Sokoke na Malindi na watoto: msituni tulienda mara mbili

Kama unawapeleka watoto msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi. Naliweka hili juu kabisa kwa sababu ndilo lililonitoa pesa mara mbili, na wakala aliyetuuzia safari hakulitaja.

Sisi ni wa Mombasa, na Disemba hii tulipanga nyumba Malindi kwa siku sita: mimi, mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka sita, mkubwa kumi na miwili) na mama mkwe wangu, ambaye akisikia neno safari tu huwa keshafunga buibui yuko mlangoni.

Wakala simtaji jina. Ana kiofisi mjini na bango lenye picha ya ndovu. Alituuzia “siku ya familia msituni”: gari, ada za kuingia, mwongozaji, maji na chakula cha mchana, vyote kwa bei moja. Alisema gari litatuchukua saa mbili, likaja saa tatu na robo. Hadi tunafika kituo cha Gede, karibu saa nne, jua lilikuwa limeshapamba moto na msitu umenyamaza kama nyumba ya watu waliosafiri. Langoni mwongozaji akatueleza, kwa haya kabisa, kwamba pesa yake haijalipwa. Dereva akapiga simu ofisini, haikupokelewa. Tukalipa sisi. Chakula cha mchana kilikuwa soda moto na biskuti. Mama mkwe alikuwa na ndara miguuni, maana hakuna aliyemwambia avae viatu.

Tulitembea kama saa moja. Tuliona vipepeo, kinyesi cha ndovu kilichokauka, na siafu waliopanda ndani ya suruali ya mume wangu. Ukiwauliza wanangu, hilo la siafu ndilo lililokuwa na thamani ya pesa.

Tulipokuwa tunaondoka yule mwongozaji, kijana wa Kigiriama wa kijiji cha pembezoni mwa msitu, aliniita kando. “Dada, msitu huu si wa saa nne. Njooni wenyewe, alfajiri.” Nikachukua namba yake. Siku mbili baadaye tukarudi.

Safari hii tulikodi gari aina ya Proboksi kupitia mlinzi wa nyumba tuliyopanga. Kutoka Malindi ni mwendo wa chini ya nusu saa kwenye barabara ya Mombasa; ukipita njia panda ya Gede kidogo tu, kituo kiko mkono wa kulia. Ada ya kuingia tulilipa kwa simu pale pale, kwa hivyo hakikisheni simu ina chaji na salio. Ya mwongozaji tulimpa mwenyewe mkononi. Jumla yote, pamoja na gari, ilikuwa chini ya nusu ya alichotutoza wakala.

Na tofauti! Kulikuwa na umande bado, na ndege wanapigiana kelele kama wanawake mferejini asubuhi. Mwongozaji alituweka kwenye mstari, mdogo nyuma yake, baba mwisho, na akatoa sharti moja: mkisikia majani makavu yanachakarika, simameni hapo hapo, hata kama mguu uko juu. Tulisimama mara tatu bure. Mara ya nne alinyoosha kidole polepole. Ng’ambo ya njia, hatua kama kumi hivi, kulikuwa na kitu kinachofukuafukua majani kwa pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo. Isanje. Miguu myembamba, mwili mwekundu wa kahawia uliokoza, na nyuma, kwenye makalio, baka la manjano kama mtu aliyeketi kwenye rangi mbichi. Mtoto wa kati hakuweza kujizuia, akacheka, na kale kanyama kakaruka na kupotea, baka lile likimeremeta hadi mwisho.

Mwongozaji alituambia isanje wa aina hii ni wa pwani hii yetu tu, na msitu huu ndio ngome yake kubwa. Ana uzito wa kama nusu kilo. Akituonyesha chungu ya majani chini ya mti akasema ndipo wanapolala, na kwamba dume na jike hushika eneo moja pamoja, ingawa hawaonekani wakitembea bega kwa bega. Mume wangu akasema ni kama sisi. Sikumjibu, kulikuwa na watoto.

Jambo ambalo sikulijua, na nimezaliwa mwendo wa saa mbili tu kutoka pale: kumbe si msitu mmoja. Ni kama kilomita za mraba 420, na ndani yake kuna misitu mitatu. Karibu na kituo ni mchanganyiko wa kila kitu, na huko ndiko ulikokuwa mbambakofi, mti wa milango yetu ya kale, hadi ukakatwa mno. Ukiingia zaidi unafika kwenye mirihi, miti iliyoachiana nafasi juu ya mchanga mweupe laini unaozamisha mguu. Halafu, kwa gari, unafika kwenye udongo mwekundu, vichaka vimebanana huwezi kupenya. Watoto walikuwa wanapima kwa viatu: vilianza vyeupe, vikaishia vyekundu. Mpaka leo vile vya mkubwa havijatakata.

Huko kwenye udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi wa Sokoke. Hapo pakazuka mzozo. Mama mkwe aliposikia neno bundi alibana mlango wa gari. “Auzubillahi. Mwanangu, mimi nimeamka alfajiri, nimeswali, nimevaa viatu vya mkwe wangu, nije kumtazama bundi?” Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa mtaani. Mwongozaji hakubishana naye. Akasema tu, “Sawa, mama, pumzika,” akaingia kichakani peke yake, akakaa huko karibu dakika ishirini, kisha akatoka akipunga mkono.

Tukaingia kwa kuinama, miiba ikitushika nguo. Kwenye tawi lililo usawa wa kichwa changu, katikati ya kigiza, palikuwa na bundi mdogo ajabu, ukimweka kwenye kiganja anaenea. Wa rangi ya kutu. Macho nusu yamefumbwa, masikio ya manyoya yamesimama. Nikasikia pumzi nyuma yangu: mama mkwe, ushungi umenasa kwenye mwiba, anamtazama. Hakusema neno. Alimtazama kuliko sisi sote.

Hiyo ilikuwa saa tatu. Saa ile ile ambayo siku ya kwanza tulikuwa bado barazani tunamngoja dereva.

Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, yako karibu, njia ya Watamu, na yafaa kuyaunganisha siku hiyo hiyo, kwa sababu miti ni mikubwa na kivuli kipo hata saa sita. Tangu 2024 ni turathi ya dunia ya UNESCO. Waambie watoto watafute kaburi lenye tarehe: 802 ya Hijria, yaani 1399 kwa kalenda ya Kizungu. Mkubwa wangu alilisimamia akihesabu miaka kwa vidole. Visima ni virefu, mshike mkono mdogo. Kima wa pale wamezoea watu, ndizi yetu moja ilitoka mkobani bila idhini. Humo humo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993: wanakijiji wanaoishi kandokando ya msitu hufuga viwavi, na pupa (kiwavi aliyejifungia kabla ya kuwa kipepeo) huuzwa ng’ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Ni chumba kidogo tu, lakini ukitoka unaelewa kwa nini mtu wa kijijini apendelee mti usimame.

Malindi mjini nitakuwa mfupi. Bahari ya Disemba ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa upepo wa kaskazi huusukuma udongo wa mto Sabaki hadi ghubani. Aliyekuja kwa maji ya buluu aende Watamu. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa 1498, watoto waliitazama dakika tano, wakaniuliza kama kuna aiskrimu. Walichopenda ni kusikia kwamba kabla ya Mreno huyo, mwaka 1415, Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa Uchina. Swali la mdogo, “alitapika melini?”, bado halijapata jibu. Vyakula: mahamri na mbaazi asubuhi mji wa kale, hapana lawama. Samaki wa kupaka tuliyemla mkahawa mmoja wa ufukweni alikuwa na nazi ya pakiti, na bei ya watalii. Maembe ya ngowe nunueni njia panda ya Gede, kwa akina mama wanaopanga kwenye ndoo. Tulibeba ndoo mbili.

Kwa mwenye watoto chini ya miaka mitano, msitu sipendekezi: ni kunyamaza na kusimama, na hilo hawaliwezi. Beba soksi ndefu, suruali ziingie ndani ya soksi (siafu), maji zaidi ya unavyodhani, na dawa ya mbu.

Kwenye matatu ya kurudi Mombasa mama mkwe alimpigia dada yake kumsimulia. Alimweleza kaburi, maembe, kima mwizi. Halafu akashusha sauti, akanitupia jicho, akasema: “Na kuna ndege mmoja, mdogo, mzuri. Jina lake nimelisahau.”