Ngome ya mlimani au ya majini, ipi kiboko?

Ngome nyingi za Ulaya zamani zilijengwa juu, adui anapanda huku anahema, we unamwona toka mbali, jiwe ukiliachia linashuka lenyewe. Cheki Château Gaillard kule Ufaransa, Richard I, mfalme wa Uingereza, kaijenga 1196 hadi 1198 juu ya mto Seine, mteremko mkali karibu kote ila upande mmoja umeungana na kilima, na hapo hapo ndo Wafaransa walipopitia, wakachimba chini ya mnara ukadondoka, 1204 wakaichukua yote. Sasa Kenilworth ya Uingereza iko chini, enzi hizo ilizungukwa na maji ya bwawa. Utachimbaje hapo? 1266 waliokuwa ndani walibanwa kama miezi sita, wakatolewa na njaa na magonjwa, sio ukuta kuvunjwa. Mi nachukua maji.