Rasta zilizochambuliwa tayari: uzoefu wangu wa kujisuka bila fundo nyumbani

Nimeshasuka mitindo minne kwa rasta zilizochambuliwa tayari, yote ya bila fundo, yaani msuko unaanza na nywele zako mwenyewe na rasta inaongezwa kidogo kidogo, yote nyumbani mbele ya kioo. Nazipendekeza, ila kwa sharti moja: usizinunue kabla hujajua urefu unaoupendeza uso wako. Rasta hizi huuzwa kwa urefu, na ncha zake zimeshapunguzwa unene kiwandani. Ukifika nyumbani ukaona ni ndefu mno ukashika mkasi, unachokikata ni kile kile ulichokilipia.

Rasta ya kawaida ncha zake zimekatwa sawa kama ufagio. Ukiisuka hivyo hivyo, msuko unakwenda mnene mpaka chini halafu unaishia ghafla, na hata uchovye kwenye maji ya moto mara ngapi, ukataji unaonekana. Ndiyo maana msusi anayejua kazi huichambua kwanza: anashika fungu katikati, anavuta nyuzi chache chache upande huu na ule mpaka ncha zipishane. Mikono isiyozoea inatumia dakika kumi na zaidi kwa pakiti moja, na ukivuta kwa pupa zinafungamana. Kwa anayejisuka mwenyewe, nafuu kubwa haipo kwenye muda peke yake. Mikono inafika kichwani haijachoka, na vipande vya kuongezea vinatoka na unene unaofanana, jambo ambalo kwenye mtindo wa bila fundo ndilo linaloamua kama misuko itakuwa sare au kila mmoja na umbo lake.

Kasoro zipo. Katika pakiti nilizofungua, baadhi zilikuwa zimechambuliwa kupita kiasi, inchi nne au tano za mwisho nyembamba kama mkia wa panya. Zitazame dukani kabla hujalipa: inua pakiti, tazama mwisho wa fungu kwenye mwanga. Ukiona nyuzi chache tu zinaning'inia chini ya sehemu nene, rudisha. Mng'ao nao ni mkali siku za mwanzo, hasa kwenye namba 1, ambayo ni nyeusi tii. Namba 1B imepoa kidogo na inakaribia zaidi nywele zetu wengi, kwa hiyo mizizi haitofautiani na rasta. Na bei: nimekuwa nikilipa karibu mara mbili ya rasta ya kawaida. Kwa misuko mirefu pesa hiyo inarudi. Kwa mtindo wa kuishia kidevuni hairudi hata kidogo. Hapo nunua ya kawaida, kata urefu unaoutaka kwanza, ndipo uchambue mwenyewe.

Sasa huo urefu. Chukua rasta kuukuu uliyofumua, au mtandio mweusi mwepesi, ubanie utosini kwa vibanio na uuache uanguke pande zote mbili za uso. Rudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye kioo, kwa sababu ukiwa karibu unaona ngozi na macho, umbo la uso huoni. Piga picha ukiwa umeachia mpaka kidevuni, halafu mabegani, kifuani, kiunoni. Kila urefu mara mbili, njia ikiwa katikati na ikiwa pembeni. Picha nane hizo zitakwambia zaidi ya picha yoyote ya mtu mwingine.

Kwa uso wa duara, nimeona kinachofanya kazi ni urefu uliopita mabega pamoja na kimo kidogo juu: misuko michache ya mbele ikifungwa nusu utosini, uso unarefuka. Misuko inayoishia mashavuni inaongeza upana pale pale penye upana. Uso mrefu ni kinyume chake. Misuko iliyonyooka mpaka kiunoni na njia ya katikati inauvuta uso chini zaidi. Bora iishie kati ya kidevu na mabega, ncha zikiwa na mawimbi ili upana uje pembeni. Mwenye taya pana za pembe asiache msuko uishie kwenye taya. Ashushe chini yake, njia iwe pembeni, ncha zijikunje. Paji pana hupunguzwa na misuko miwili mitatu myembamba ya kuangukia mbele, na wala huhitaji kulificha lote. Shingo fupi haitaki wingi unaolala mabegani.

Kuna jambo ambalo wasusi wengi hawalitaji: ushungi. Ukivaa mtandio kila siku, rasta nyingi na nene za kiunoni zitakupa kifurushi kisogoni, kitambaa hakitulii na shingo inauma. Suka nyembamba, pakiti zipungue, urefu uishie mgongoni juu, kisha zifunge chini karibu na shingo.

Kuhusu idadi, nilipata hesabu nzuri kwa misuko ya unene wa wastani. Pakiti nne, kila moja ina mafungu matatu, za inchi 26 zikiwa zimekunjwa. Hayo ni mafungu 12, na misuko ilikuwa 66, yaani fungu moja kwa misuko mitano au sita. Gawa kabla hujaanza. Kila fungu ligawe, kisha fungu dogo la kila msuko ligawe tena vipande vitatu: chembamba, cha kati na kinene kidogo. Viweke kwa mpangilio juu ya taulo. Ukigawa huku unasuka, misuko ya mwanzo itakuwa minene, na ukifika mbele ya kichwa, mahali panapoonekana kuliko kote, rasta inakuwa imekwisha.

Kabla ya kusuka, loweka. Rasta nyingi za sintetiki zinakuja na utando wa kiwandani unaowawasha watu kichwani na shingoni. Weka kikombe kimoja cha siki ya tufaha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, zamisha mafungu yakiwa bado yamefungwa na mpira wake, acha nusu saa. Usiyasugue. Suuza, tundika, yakauke kabisa. Siki inapunguza muwasho, haiondoi kila kitu. Februari 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilichapisha vipimo vya bidhaa 10 za rasta za sintetiki: zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 zilikuwa na madini ya risasi. Mimi kwa sababu hiyo naacha mapumziko ya wiki kadhaa kati ya mtindo na mtindo, na wakati wa kuchovya kwenye maji ya moto nafungua madirisha.

Nywele zenyewe zioshwe kwa shampuu, zipate kondishena, zisuuzwe, zikauke. Kwa kipilipili, kunyoosha ni lazima, la sivyo mizizi inajikunja na msuko unaanza na uvimbe. Draya ya moto wa chini inatosha, lakini napenda zaidi uzi: gawa nywele mafungu 12 hadi 16, zungusha uzi mweusi kutoka kwenye mzizi mpaka ncha, lala nazo, fumua asubuhi. Zinanyooka bila moto. Mafuta paka kidogo sana. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nzuri: nywele zikijaa mafuta, rasta inateleza, na wiki haijaisha misuko ya ukingoni imeshashuka nusu inchi.

Anza kisogoni. Kwa kitana cha mkia chora miraba ya sentimita mbili, mbele iwe ya sentimita moja na nusu. Mistari ipishane kama matofali ukutani. Mraba wa juu ukae juu ya mpaka wa miraba miwili ya chini. Ukiipanga kama madirisha ya ghorofa, njia zinafuatana mpaka juu na upepo ukivuma ngozi inaonekana mistari mirefu. Jeli paka kwenye mizizi tu, kiasi cha punje ya harage kwa mraba. Zile nywele laini kabisa za ukingoni, upana wa ukucha, ziache nje. Hazibebi uzito.

Hapa kwenye mzizi ndipo pa kwenda taratibu. Gawa mraba mafungu matatu, suka mapindo matatu au manne kwa nywele zako peke yake. Chukua kile kipande chembamba, unene wa kamba ya kiatu, kikunje katikati juu ya kidole cha shahada, kisha kipitishe chini ya fungu la kati ili mkia mmoja uungane na fungu la kushoto na mwingine na la kulia. Kidole gumba kibane hapo hapo pa kuungia, usikiachie hata ukihama mkono. Suka mapindo mawili, ongeza kipande cha pili. Mapindo mawili tena, ongeza cha tatu. Kila kinachoingia kianzie upande tofauti na kilichotangulia, la sivyo msuko unapinda.

Ukiona kinundu karibu na ngozi, kipande cha kwanza kilikuwa kinene au kiliingia kabla ya pindo la tatu. Ukiona pengo, gumba liliachia. Ncha zako zikichomoza katikati ya msuko, usizikate. Paka jeli kidogo, zungusha kwa vidole na usuke tena kuanzia pale. Na kipande cha mwisho lazima kiingie kabla nywele zako hazijaisha ndani ya msuko. Kikichelewa hakina cha kushika, na siku moja utaukuta msuko wa rasta umebaki mkononi.

Vuta kwa kiasi. Ngozi ya mzizi ikiinuka kama kipele, au ukikunja uso na paji linauma, fumua msuko huo papo hapo. Vipele vyeupe na maumivu si dalili kwamba rasta "imekaa vizuri". Ukiendelea hivyo mtindo baada ya mtindo, nywele za pembeni zinakatika, na mizizi ikiharibika hazirudi.

Maji ya moto: chemsha, epua, subiri dakika mbili. Jaribu kwanza uzi mmoja uliobaki. Rasta nzuri inalainika na kutulia. Ile isiyopenda maji ya moto inabaki imenyanyuka, na hiyo hata mawimbi haishiki. Chovya robo ya chini ya misuko kwa sekunde kumi, kandamiza kwa taulo kavu, usikamue kwa mkono mtupu. Misuko ya nyuma usijifanyie peke yako. Kaa kwenye kiti, taulo nene mgongoni, mtu mwingine ashike chombo nyuma yako kwenye usawa wa ncha. Kisipite kamwe juu ya kichwa wala bega. Ukitaka mawimbi, zungusha misuko mitatu mitatu kwenye rola kabla ya kuchovya na uzitoe zikipoa kabisa. Zikitolewa na joto, zinanyooka ndani ya saa moja. Malizia na povu la kulaza nywele, funga kitambaa dakika ishirini.

Kwa joto la pwani na jasho lake, ngozi inataka kuoshwa kila baada ya wiki mbili. Changanya shampuu sehemu moja na maji sehemu tatu kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye njia, sugua kwa ncha za vidole, suuza sana. Tatizo si kuosha, ni kukausha: ndani ya msuko maji yanakaa muda mrefu, na ukifunga fundo kubwa bado mbichi, kesho yake zinanuka. Osha asubuhi, ziachie mpaka jioni. Usiku funga kitambaa cha satini.

Baada ya wiki sita zangu hutoka, nane ni mwisho hata kama bado zinapendeza. Kabla ya kukata, pima: shika msuko, papasa mahali nywele zako zinapoishia, shuka inchi tatu chini ya hapo ndipo mkasi uingie. Fumua kwa mkia wa kitana kutoka chini kwenda juu. Kwenye mzizi utakuta kipete cha uchafu wa kijivu, mchanganyiko wa vumbi, jeli na nywele zilizodondoka zenyewe. Paka mafuta au kondishena kidogo, kitenganishe kwa vidole, kisha chana fungu moja moja kwa chanuo pana mpaka kiishe chote. Maji yasiguse kabla ya hapo. Kikilowa kinakazana kama sufi, na dawa yake inabaki kuwa mkasi.